Hiari Yashinda Utumwa: Fikra za Uhuru wa Mtu na Mipaka ya Dola katika Historia ya Songea

1. Utangulizi

Mnamo Septemba 1969, Kamati Kuu ya TANU ilipitisha uamuzi wa kukivunja Chama cha Maendeleo cha Ruvuma. Chama hicho kiliunganisha vijiji 17 vya Wilaya ya Songea na maeneo jirani, na kijiji chake cha kwanza na mashuhuri zaidi kilikuwa Litowa. Wanachama wake walikuwa wakulima waliolima pamoja, waliogawana mapato kwa kanuni walizozitunga wenyewe, na waliokuwa wameanza kuishi maisha ya ujamaa miaka kadhaa kabla ya Azimio la Arusha la 1967. Kwa maneno mengine, chama kilichotangaza siasa ya ujamaa kilikivunja chama cha wakulima waliokuwa wakiutekeleza ujamaa huo kwa hiari yao.

Tukio hili limejadiliwa na wanahistoria wa uchumi na wa siasa, akiwamo Andrew Coulson katika kitabu chake cha 1982 kuhusu uchumi wa kisiasa wa Tanzania. Hata hivyo, halijatazamwa vya kutosha kama suala la dhana. Swali la msingi linaloibuka Songea ni hili: uhuru ni mali ya nani? Je, ni mali ya taifa, ambalo huwagawia raia wake kadiri linavyoona inafaa, au ni mali ya mtu na ya vikundi ambavyo watu huviunda kwa ridhaa yao, kiasi kwamba dola ndiyo inayopaswa kujieleza kila inapotaka kuupunguza? Jibu la pili ndilo kiini cha mkondo wa fikra za kisiasa unaoitwa ulibertari. Mhadhara huu unakusudia kuutambulisha mkondo huo kwa msomaji wa Kiswahili, si kwa kuanzia vitabu vya Ulaya na Marekani peke yake, bali kwa kuupima katika ardhi ya Songea.

2. Maneno na Dhana Zake

Kiswahili hakikuwa na haja ya kungoja wanafalsafa wa kigeni ili kizungumzie uhuru. Neno huru lina asili ya Kiarabu, na katika miji ya pwani lilitumika kwanza kuhusu hadhi ya mtu: huru alikuwa asiyekuwa mtumwa. Mtumwa aliyeachwa na bwana wake alipewa hati ya uhuru. Karibu na neno hilo lilisimama neno ungwana, ambalo lilibeba hadhi ya kuzaliwa huru pamoja na adabu iliyotarajiwa kwa mtu wa namna hiyo. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, na Tanganyika mwaka 1922. Kwa hiyo, katika miaka ya 1950, wakati wanasiasa walipolitwaa neno uhuru na kulipa maana ya nchi kujitawala, wapo wazee waliokumbuka maana yake ya kwanza.

Badiliko hilo la maana lilikuwa kubwa. Uhuru ulihama kutoka kwa mtu ukaenda kwa taifa. Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ilikuwa huru; lakini kama kila Mtanganyika alikuwa huru kwa kiasi hicho hicho ni swali ambalo sarufi ya neno lenyewe haikulijibu.

Neno la pili ni hiari, nalo pia lina asili ya Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kuchagua. Methali ya kale isemayo hiari yashinda utumwa inaweka mambo mawili kwenye mizani: tendo lililochaguliwa na tendo lililolazimishwa. Wazo lililo ndani ya methali hii ni kwamba anayefanya kazi kwa kupenda huifanya vizuri kuliko anayeshurutishwa. Hapo pana hoja ya maadili na hoja ya uchumi kwa pamoja.

Neno la tatu ni huria, ambalo lilipata nguvu mpya katika miaka ya 1980 na 1990 kwa kupitia istilahi soko huria, na ambalo pia linasikika katika jina la Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992. Kwa sababu ya soko huria, wasomaji wengi hudhani kwamba falsafa yoyote inayotetea uhuru wa mtu dhidi ya dola ni falsafa ya wafanyabiashara. Historia ya ulibertari inaonyesha kwamba dhana hiyo si sahihi.

3. Ulibertari kwa Muhtasari

Katika Uingereza ya karne ya 17, John Locke alidai kwamba kila mtu ana miliki juu ya nafsi yake na kazi ya mikono yake, na kwamba serikali hupata mamlaka yake kwa ridhaa ya wanaotawaliwa. Mwaka 1859 John Stuart Mill aliongeza kanuni kwamba jamii haina haki ya kumlazimisha mtu kwa ajili ya manufaa yake mwenyewe, bali kwa ajili ya kuzuia madhara kwa wengine tu.

Jina lenyewe la ulibertari kwa maana ya kisiasa halikutoka kwa watetezi wa mabepari. Lilitumiwa mwaka 1857 na Joseph Déjacque, mfanyakazi na mwandishi wa Kifaransa aliyekuwa uhamishoni Marekani, ambaye alipinga mamlaka ya dola na umilikaji binafsi kwa pamoja. Katika mkondo huo alifuata Peter Kropotkin, mwana wa ukoo wa kifalme wa Urusi, ambaye katika kitabu chake cha 1902 kuhusu kusaidiana alidai kwamba ushirikiano wa hiari ni nguvu ya kimaumbile katika maisha ya wanyama na wanadamu, na kwamba dola aghalabu huudhoofisha.

Katikati ya karne ya 20, nchini Marekani, jina hilo lilichukuliwa na mkondo mwingine, ule unaosisitiza soko na miliki binafsi. Friedrich Hayek, katika kitabu chake cha 1944, alionya kwamba mpango mmoja wa uchumi unaoendeshwa kutoka makao makuu hatimaye hudai kuwaamrisha watu katika mambo yote. Robert Nozick, mwaka 1974, alitetea dola ndogo yenye kazi ya kulinda watu dhidi ya nguvu, wizi na udanganyifu, pamoja na kusimamia mikataba. Jambo linalosahaulika ni kwamba Nozick alikiri pia kuwa, katika jamii huru, watu wanaotaka kuishi kijamaa wana haki kamili ya kufanya hivyo, mradi wasimlazimishe yeyote kujiunga nao.

Mikondo hii miwili inatofautiana sana kuhusu mali. Inakubaliana kuhusu jambo moja: ushirika wa kweli ni ule ambao mtu ameuingia kwa ridhaa yake na anaweza kutoka. Kipimo hicho ndicho kitakachotumika hapa.

4. Songea na Uzoefu wa Kushurutishwa

Watu wa Songea walifahamiana na dola muda mrefu kabla ya 1961. Katikati ya karne ya 19 Wangoni waliingia eneo hilo kutoka kusini na kuunda falme mbili, Njelu na Mshope. Zilikuwa dola za kivita, zilizokua kwa kuwateka watu wa jamii nyingine na kuwaingiza katika majeshi na mashamba yake. Ukweli huu unafaa kukumbukwa na kila anayedhani kwamba shuruti ililetwa na wakoloni peke yao.

Wajerumani walijenga boma Songea mwaka 1897. Vita vya Majimaji, vilivyoanza Umatumbi mwaka 1905 kutokana na hasira dhidi ya kilimo cha pamba cha kulazimishwa na madhila mengine, viliwafikia Wangoni mwaka huo huo. Mwaka 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Kingoni, akiwamo Nkosi Mputa Gama na nduna Songea Mbano, ambaye jina lake ndilo la mji huo. Baada ya vita ilifuata njaa, nayo iliua watu wengi kuliko risasi.

Chini ya Waingereza shuruti ilivaa vazi la karatasi. Kodi ilidaiwa kwa fedha, na penye uhaba wa njia za kuipata, vijana wa Songea walisafiri hadi mashamba ya mkonge ya Tanga. Huko waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alitambuliwa kwa namba. Ni vigumu kupata neno linaloeleza vizuri zaidi jinsi mtu anavyopoteza nafsi yake mbele ya mamlaka: jina lake linaondolewa, na kinachobaki ni tarakimu. Hata ushirika haukuwa wa hiari kamili. Chama cha ushirika cha Wangoni na Wamatengo, kilichoandikishwa mwaka 1936 kwa ajili ya tumbaku, kilikuwa na mkono mzito wa serikali ya kikoloni tangu kuanzishwa kwake.

5. Litowa

Katika mazingira hayo ndipo, mwaka 1960, kundi dogo la wanachama wa Umoja wa Vijana wa TANU, wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga, lilipokwenda Litowa kuanza shamba la pamoja. Jaribio la kwanza lilishindikana kwa sababu nyepesi kueleweka na mkulima yeyote: chakula kiliisha kabla ya mavuno. Vijana walianza tena mwaka 1961, wakiwa wamejifunza. Mwaka 1963 Ralph Ibbott, Mwingereza aliyewahi kufanya kazi katika shamba la misheni la St Faith's huko Rhodesia, alifika na familia yake na kuwa mshauri. Vijiji vingine viliiga mfano huo, na Chama cha Maendeleo cha Ruvuma kikaundwa ili kuviunganisha.

Mambo matatu yanastahili kuzingatiwa. Kwanza, maamuzi yalifanywa katika mikutano ya wanakijiji. Mgawanyo wa kazi, adhabu ya mvivu, haki ya mgonjwa na mzee, na matumizi ya mapato vilijadiliwa na wale walioathiriwa navyo. Pili, watu walijiunga wenyewe. Anayeingia alijua anachokiingia, na asiyeridhika aliweza kuondoka. Tatu, chama hakikuishia kwenye jembe. Kilimiliki mashine ya kusaga nafaka mjini Songea na kiwanda cha kupasua mbao, na wanakijiji walijifunza kuviendesha. Litowa kulikuwa na shule iliyoongozwa na Suleman Toroka, ambamo watoto walisoma huku wakishiriki kazi na maamuzi ya kijiji chao.

Mwalimu Julius Nyerere aliwafahamu watu wa Litowa na aliwaunga mkono. Si bahati nasibu. Alipokuwa mwanafunzi Makerere aliandika insha iliyotumia mawazo ya Mill kuhusu hali ya wanawake, na huko Edinburgh, alikohitimu mwaka 1952, alisoma falsafa ya siasa. Katika maandishi yake ya Ujamaa Vijijini ya mwaka 1967 alisisitiza kwamba vijiji vya ujamaa haviwezi kuundwa kwa nguvu. Katika Uhuru na Maendeleo, ya mwaka 1968, alieleza kwamba watu hawaendelezwi, hujiendeleza.

Mwanaisimu hana budi kusimama hapo. Tofauti ya falsafa mbili za kisiasa imebebwa na viambishi. Katika endeleza, kiambishi cha usababishi humfanya mtu mwingine kuwa mtenda, na mwananchi huwa mtendwa. Katika jiendeleza, kirejeshi -ji- humrudishia mwananchi utendaji wake. Ndivyo ilivyo kwa kujitegemea, kujitawala na kujiunga. Msamiati mzima wa siasa ya Tanzania ya miaka ile ulijengwa juu ya -ji-. Litowa ilikuwa mahali ambapo kirejeshi hicho kilichukuliwa kwa maana yake halisi.

6. Kuvunjwa kwa Chama

Viongozi wa mkoa na baadhi ya viongozi wa kitaifa hawakuipenda hali hiyo. Sababu zao hazikuwa za upuuzi mtupu, na uadilifu wa kitaaluma unadai zielezwe. Mkoa wa Ruvuma unapakana na Msumbiji, ambako vita vya ukombozi vilikuwa vikiendelea tangu 1964. Chama kilikuwa na washauri na wafadhili wa kigeni. Aidha, serikali ya mkoa ilikuwa na mipango yake ya kilimo, hususan tumbaku, na vijiji vya chama vilitaka kujipangia vyenyewe. Juu ya yote, tangu 1965 Tanzania Bara ilikuwa na chama kimoja cha siasa kisheria. Vyama vya wafanyakazi vilikuwa vimeunganishwa na kuwa NUTA mwaka 1964. Katika mfumo wa namna hiyo, chama cha wakulima kisichoamrishwa na TANU kilionekana kuwa dosari, hata kama wanachama wake walikuwa wana-TANU waaminifu.

Uamuzi wa Septemba 1969 ulitaka vijiji vyote vya ujamaa viwe chini ya TANU. Mali za chama, zikiwamo mashine na magari, zilichukuliwa. Washauri wa kigeni waliondoka. Walimu wa Litowa walihamishiwa shule nyingine. Nyerere alikuwa rais wa chama kilichopitisha uamuzi huo. Ibbott alikuja kusimulia upande wake katika kitabu kilichochapishwa mwaka 2014.

Yaliyofuata yanajulikana. Mwishoni mwa 1973 ilitangazwa kwamba kuishi vijijini si suala la hiari tena, bali ni amri itakayokamilika ifikapo 1976. Katika Operesheni Vijiji mamilioni ya watu walihamishwa, na katika sehemu kadhaa nyumba zao zilibomolewa au kuchomwa ili wasirudi. Lugha ilitoa ushahidi wake tena. Watu wa Litowa walihamia. Watu wa operesheni walihamishwa. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika navyo vilivunjwa nchi nzima, kisha vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982 baada ya kuonekana kwamba vyombo vya serikali havikuweza kuziba pengo lao.

7. Tathmini

Je, Litowa inathibitisha ulibertari? Jibu linahitaji uangalifu. Wana-Litowa hawakuwa wafuasi wa Nozick, wala hawakuwa wamemsoma Kropotkin. Walijiita wajamaa, nao walikuwa wajamaa. Lakini kwa kipimo cha ridhaa, kijiji chao kilikuwa cha kilibertari kuliko dola iliyokivunja. Jambo hili linavuruga mgawanyo uliozoeleka, unaoweka ujamaa upande mmoja na uhuru wa mtu upande wa pili. Mpaka wa kweli haukupita kati ya mali ya pamoja na mali ya mtu mmoja mmoja. Ulipita kati ya kujiunga na kuunganishwa.

Suala la ardhi linaonyesha ugumu zaidi. Katika waraka wake wa 1958, Mali ya Taifa, Nyerere alianzia mahali alipoanzia Locke: mtu ni mwenye jasho lake. Lakini wakati Locke alipoona jasho likiigeuza ardhi kuwa miliki ya aliyeilima, Nyerere alishikilia kwamba jasho humpa mkulima haki ya matunda na ya matumizi, si haki ya ardhi yenyewe, ambayo hakuiumba. Hoja hiyo ililenga kuwazuia mabwana-ardhi, na ina nguvu yake. Upungufu wake ulionekana baadaye. Sheria ya ardhi ya mwaka 1923 ilikuwa imeiweka ardhi yote ya Tanganyika chini ya mamlaka ya Gavana, na baada ya uhuru mamlaka hayo yakapita kwa dola mpya. Mkulima asiye na ardhi isiyoweza kuondolewa chini ya miguu yake ni mwepesi kuhamishwa.

Hata hivyo, ulibertari wenyewe nao una maswali ya kujibu Songea. Mateka wa falme za Kingoni hakuteswa na dola kubwa ya kisasa. Aliteswa na wenye nguvu ambao hapakuwa na sheria ya kuwazuia. Manamba alitia saini mkataba, na kwa karatasi alikuwa ameridhia. Lakini ridhaa iliyosukumwa na kodi na umaskini ni ridhaa ya namna gani? Falsafa inayotazama mkono wa serikali peke yake huenda isiuone mkono wa mwajiri.

Udhaifu wa Litowa wenyewe unafundisha jambo. Chama kilistawi kwa sababu kiongozi wa nchi alikipenda, na upendo wa kiongozi ulipozidiwa na hesabu za chama tawala, hakikuwa na ngome nyingine. Tanzania haikuwa na hati ya haki za binadamu katika Katiba yake; iliingizwa kwa marekebisho ya mwaka 1984. Leo Ibara ya 20 ya Katiba inatambua uhuru wa watu kujumuika na inakataza mtu kulazimishwa kujiunga na chama. Kama kinga ya namna hiyo ingekuwapo mwaka 1969 na mahakama ikawa tayari kuisimamia, wanachama wa Litowa wangekuwa na mahali pa kupeleka shauri lao. Hawakuwa napo.

8. Hitimisho

Historia ya Songea inaonyesha kwamba swali la mipaka ya dola si swali la kuazima. Liliulizwa na waliokataa pamba ya kulazimishwa, na waliochoka kuitwa kwa namba, na vijana waliokwenda Litowa na majembe yao. Ulibertari, katika mikondo yake yote miwili, unatoa msamiati wa kuliuliza swali hilo kwa utaratibu, lakini hautoi jibu lililokwisha kupikwa.

Litowa haikuanguka kwa sababu watu wake walishindwa kulima au kuelewana. Ilivunjwa na waliotaka kuwafanyia wengine kile ambacho watu wa Litowa walikuwa wakijifanyia wenyewe. Wahenga walishaiweka hoja hiyo katika maneno matatu, nayo haijapata mpinzani: hiari yashinda utumwa. Lililobaki kwa vizazi vya sasa ni kuhakikisha kwamba hiari hiyo inalindwa na sheria, isitegemee huruma ya mtawala, hata akiwa mtawala mwema.